Maangamizi: Filamu adimu ya mizimu na thamani yake kwa wakusanyaji

KATIKA vibanda vya video vya Likoni, Kisauni na Changamwe, miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitawaliwa na sinema za Kihindi, za ngumi kutoka Hong Kong na baadaye za Nigeria. ‘Maangamizi: The Ancient One’, filamu ya Kitanzania, haikuvuma hivyo. Uadimu huo ndio unaowavutia leo wakusanyaji wa sinema za zamani.

Iliongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ingawa haikuteuliwa. Kabla ya hapo, Mulvihill alikuwa ameshirikiana na Nangayoma Ng'oge kutengeneza ‘Arusi ya Mariamu’ (1985), kuhusu uganga wa jadi.

Kisa chenyewe kinamhusu Dkt Asira (BarbaraO), daktari wa akili Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, anayekabidhiwa mgonjwa aitwaye Samehe (Amandina Lihamba), mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Nyuma ya ukimya huo yupo Maangamizi, bibi wa kale anayewaunganisha wawili hao na mizimu yao. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: jina moja ni kilio, la pili ni ombi.

Kwa mtazamaji wa Pwani, imani hiyo si ngeni. Wamijikenda husimamisha vigango kuwaenzi wazee waliofariki. Vingi viliibwa na kuishia kwa wakusanyaji ng'ambo. Viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007. Kigango kikitoweka, ukoo umepoteza. Filamu ina nafuu, kwani nakala yaweza kuhifadhiwa mahali pengi.

Hata hivyo, kumiliki kanda si kumiliki haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwenye kazi, hivyo kurudufu na kuuza kwahitaji idhini yake.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu wa Pwani, unaootesha ukungu kwenye utepe. Kanda husimamishwa wima, mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na jua. Yenye ukungu haipaswi kuchezwa kabla ya kusafishwa, la sivyo itaharibika na kuchafua mtambo pia.