Injini Isiyohitaji Cheche

Agosti 10, 1893, katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, Ujerumani, Rudolf Diesel alifanya jaribio la kwanza la injini isiyo na kiwashio chochote. Mafuta yalipoingia kwenye silinda yaliwaka kwa kishindo, na kipimo cha mgandamizo kikapasuka. Injini yenyewe haikuendelea kuzunguka, lakini jambo kuu lilikuwa limeshathibitika: hewa ikibanwa sawasawa, joto lake pekee linatosha kuwasha mafuta.

Injini yenye kiwashio ilikuwa imetangulia. Nikolaus Otto alikamilisha ile ya mapigo manne mwaka 1876. Katika injini za petroli za aina hiyo, kwa kawaida hewa na petroli huingia zikiwa zimechanganyika, pistoni inazibana, kisha plagi inatoa cheche. Kasoro yake ni kwamba mchanganyiko ukibanwa mno huwaka kabla ya wakati wake, na injini ikaanza kugonga. Ndiyo maana nyingi huubana hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya ujazo wake.

Diesel, aliyesoma Munich chini ya Carl von Linde, aliumizwa na injini za mvuke zilizopoteza zaidi ya asilimia 90 ya joto la makaa. Akaamua kubana hewa tupu. Ndani yake hamna cha kuwaka, kwa hiyo unaweza kuibana hadi sehemu moja ya kumi na tano, hata ya ishirini. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua pampu inavyopata moto. Humo kwenye silinda joto hupita nyuzi 500. Hapo ndipo dizeli inaponyunyizwa, nayo inawaka yenyewe.

Wengi hushangaa, kwa kuwa kiberiti huwasha petroli upesi kuliko dizeli. Lakini pasipo mwali, kwa joto peke yake, dizeli ndiyo inayotangulia kushika moto.

Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini ya Augsburg akakuta inageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati huo ziliachwa mbali.

Sifa zote humwendea Diesel, lakini kwangu mimi kazi ngumu zaidi ilikuwa kuyaingiza mafuta ndani ya hewa yenye shinikizo kubwa namna ile, tena kwa wakati wake hasa. Yeye aliyasukuma kwa hewa ya kompresa, mtambo mzito uliofaa viwandani na katika meli kama Selandia ya mwaka 1912. Alitoweka baharini Septemba 1913, akiwa safarini kwenda Uingereza, kabla tatizo hilo halijapata ufumbuzi mwepesi. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta yenyewe hadi kwenye nozeli. Kompresa haikuhitajika tena, malori yakaichukua dizeli, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha gari dogo la abiria, 260 D.