Unga wa Maua na Habari za Msitu wa Kale

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba wazee wetu Wabantu, walipotoka pande za Kameruni kwenda kusini, walikuta msitu mkubwa umewafungia njia, wakaukata kwa mashoka ya chuma na kuuchoma moto. Nasi tumewafundisha watoto wetu vivyo hivyo. Lakini yuko shahidi mmoja, mdogo sana, anayetulazimu kuiangalia habari hiyo upya. Ndiye unga wa maua, ambao vitabu vya shule huuita chavua.

Kila mtu ameuona. Pita shambani mahindi yanapochanua, nguo yako itabaki na vumbi la manjano. Punje za unga huo ni ndogo mno, nyingi hazifikii hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini ganda la punje ni gumu ajabu. Likizikwa mahali pasipo hewa, kama katika tope la ziwa au la kinamasi, haliozi hata baada ya maelfu ya miaka. Tena kila jamaa ya mimea ina ganda la umbo lake: hili lina miiba, lile lina matundu, la mti wa podo lina mifuko miwili kama mabawa.

Mwaka 1916 Mswidi mmoja, Lennart von Post, alisimama mbele ya wajuzi wenzake huko Kristiania, mji uitwao leo Oslo, akawaeleza jinsi ya kuhesabu punje hizo tabaka kwa tabaka. Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Bomba refu hushindiliwa ndani ya tope, na tope hutolewa likiwa zima kama mua. La juu ni jipya, la chini ni la kale. Kipande kidogo huoshwa kwa asidi kali mpaka mchanga uyeyuke na maganda yabaki peke yake. Kisha mtu huketi mbele ya mikroskopi, akihesabu mamia ya punje: hizi za nyasi, hizi za mti fulani. Akimaliza, achukua kipande cha chini yake, aanza tena. Umri wa tope hujulikana kwa kupima kaboni iliyomo, njia ambayo Mmarekani Willard Libby alipewa tuzo la Nobel kwa ajili yake mwaka 1960.

Kwa jirani zetu wa Burundi kiko kinamasi cha Kashiru, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000. Bibi Raymonde Bonnefille wa Ufaransa na wenzake walisoma humo habari za miaka 40,000. Mwaka 1990 walitangaza kwamba zamani zile barafu ilipofunika sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini, milima ya Burundi nayo ilikuwa na baridi kupita leo kwa digrii 4 hivi, na mvua yake ilipungua kwa kiasi cha 30 kwa mia. Msitu ulirudi nyuma, nyasi na vichaka vya vileleni vikateremka. Msomaji anayehofu kwamba elimu hii yagombana na Maandiko Matakatifu na atulie: kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyeotesha miti, hakikutupa hesabu ya miaka yake.

Turudi kwa wazee wetu. Katika Kameruni, karibu na mji wa Kumba, liko ziwa la Barombi Mbo, lililokaa katika kinywa cha volkano iliyozimika. Tope lake lilichunguzwa na Jean Maley na Pierre Brenac, wakaandika habari zake mwaka 1998. Kati ya miaka 3,000 na 2,000 iliyopita, chavua ya miti ya msitu mkubwa ilipungua, ya nyasi ikaongezeka, na ya miti ipendayo jua pia. Mmojawapo wa miti hiyo ni mchikichi, mama wa mawese yetu. Wengine walisema mara: palipo na michikichi pana watu. Maley alikataa. Mchikichi huota wenyewe penye mwanga, na wanyama huzisambaza mbegu zake. Kwake yeye kiangazi kirefu ndicho kilichoufungua msitu.

Mwaka 2012 Germain Bayon na wenzake walichunguza matope yaliyomwagwa baharini na mto Kongo. Waliona kwamba tangu miaka 3,000 hivi iliyopita udongo uliharibika kuliko ambavyo ukame peke yake ungefanya, wakawataja wakulima. Wajuzi wengine waliwapinga upesi, na mabishano hayajakwisha.

Hapa chavua peke yake yashindwa kuamua. Punje ya uwele haitambulikani kwa urahisi kati ya nyasi za porini, na migomba ya shambani karibu haina chavua kabisa. Kwa hiyo yafaa kuuliza majivu ya jikoni. Kusini mwa Kameruni zilichimbuliwa mbegu za uwele zilizoungua, za kati ya mwaka 400 na 200 kabla ya Kristo. Nyingine zimepatikana kwetu Kongo, huko Boso-Njafo. Sasa, uwele hautaki mvua ya mwaka mzima. Wahitaji kiangazi ili ukomae vizuri, na leo haulimwi katika msitu ule. Waliopanda uwele huko walikuwa na kiangazi cha kutosha.

Ndiyo maana sisi twaona kwamba ukame ulitangulia, ukaacha milango wazi, na wazee wakapita, wakiipanua kwa shoka na moto. Wa kwanza wao hata chuma hawakuwa nacho. Mashoka yao yalikuwa ya mawe. Kuwaambia watoto kwamba hao waliuangusha msitu wa Kongo ni kuwatwisha mzigo ambao tope la ziwa halikuwatwisha.

Baadaye mvua zilirudi, na yapata miaka 2,000 iliyopita msitu ulianza kuyafunika mashamba. Mpaka leo, ukichimba chini ya miti mikubwa isiyo na kijiji karibu, waweza kukuta makaa na kokwa za mchikichi zilizoungua.