Suruali "Inayopumua" Hupitisha Nini?

Lebo za suruali za kuwindia zinazouzwa Marekani haziishi kujisifu kwamba kitambaa chake kinapumua. Watafsiri wetu wamelipokea neno hilo lilivyo. Mafundi cherehani nao wana lao la siku nyingi: kitambaa kizuri "kinapitisha hewa". Kauli zote mbili zinaeleweka barabarani na dukani, lakini zote mbili zinampoteza mnunuzi, hasa yule anayetaka suruali moja tu imtoshe msimu mzima.

Msimu wenyewe kwanza. Vitabu vingi huyaita majira hayo vuli, nami nalikwepa neno hilo, maana kwa mkulima wa Tanga au Morogoro vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Huko Marekani ni miezi ya majani kupukutika, na ndiyo miezi ya windo. Kwenye Milima ya Rocky, katika majimbo ya Colorado na Montana, wenye pinde huanza kumfuata elki mwezi Septemba: alfajiri majani yana sakitu, adhuhuri fulana inatosha. Wisconsin msimu wa kawaida wa bunduki wa kulungu mwenye mkia mweupe hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, hudumu siku 9, na theluji si jambo la kushangaza.

Tofauti ya hali ya hewa ni nusu tu ya taabu. Windo lina namna mbili, na Kiswahili kimezitenga vizuri kwa vitenzi viwili: kunyatia na kuotea. Anayemnyatia elki hupanda mteremko na mzigo mgongoni, jasho likimtoka hata kukiwa na baridi. Anayemwotea kulungu hukaa juu ya jukwaa lililofungwa mtini saa nyingi bila kutikisika. Wa kwanza anataka joto limtoke, wa pili anataka limbakie. Na mara nyingi ni mtu yuleyule, asubuhi ileile: amepanda, amefika, ameketi, na jasho alilolitoa njiani limebaki naye ndani ya suruali. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Wamarekani wapenda milima husema pamba inaua. Wanayoilaani ni jinzi iliyolowa ambayo haikauki hadi jioni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni jasho hilo linatokaje. Likiwa limegeuka mvuke, hutoka penye mvuke mwingi kwenda penye mvuke kidogo, yaani kutoka kwenye ngozi yenye joto kwenda nje kwenye baridi kavu. Haliingii na kutoka kama pumzi. Wala si lazima hewa ipite pamoja nalo, na hapa ndipo kauli ya fundi cherehani inapokwama. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aliivuta ghafla plastiki ya PTFE iliyopashwa moto, jamii ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Ikarefuka sana na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Utando uliotokana na ugunduzi huo, ukishonewa ndani ya nguo, huzuia tone la maji, huzuia na upepo, lakini mvuke unapita. Ukimwambia mnunuzi kwamba suruali yenye utando huo inapitisha hewa, atangoja kuusikia upepo mapajani, asiusikie, aseme ameuziwa uongo.

Ndiyo maana nashauri istilahi iwe upitishaji mvuke. Inataja kinachopita, na kitenzi chake kinakwenda kokote: kitambaa hiki hupitisha mvuke, kile hakipitishi, hiki kinapitisha kuliko kile. Wapo watakaopendelea upenyezaji, neno zuri kwa wanafizikia, ila kwenye lebo ya nguo linaacha swali wazi: kinapenyeza nini, maji au upepo? Kupumua tuwaachie wanaozungumza. Kwenye mazungumzo halimdhuru mtu.

Kuna jambo jirani linalochanganywa na hili. Mtungi wa udongo hutoa jasho: maji yanapenya kwenye kuta zake yakiwa bado maji, yanafika nje, na huko ndiko yanakogeuka mvuke. Sufu na nyuzi nyingi za poliesta hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, zinaliondoa jasho kwenye ngozi likiwa majimaji na kulitandaza mahali linapoweza kukauka. Huko ni kunyonya na kusambaza, si kupitisha mvuke, na ni vyema kila moja liwe na jina lake. Sufu ina sifa ya ziada: huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajauhisi.

Upitishaji mvuke unapimika. Njia ya zamani ni kukifunika kikombe chenye maji kwa kitambaa, kisha kupima uzito uliopungua. Jibu hutolewa kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. Njia nyingine, iliyo kwenye kanuni ya kimataifa ISO 11092, hutumia bamba lenye joto la nyuzi 35 linalotoa jasho kama ngozi, na inachopima ni upinzani: namba ikiwa chini ya 6 kitambaa ni bora sana, ikizidi 20 ni kibovu kwa mtu anayepanda mlima. Angalia kwamba vipimo hivi vinakwenda kinyume, kimoja kikubwa ndicho kizuri, kingine kidogo ndicho kizuri. Hata gramu 20,000 za kampuni moja haziwezi kulinganishwa na 20,000 za kampuni nyingine ikiwa vikombe vyao vilipangwa tofauti, moja ikikisimamisha na nyingine ikikipindua.

Namba zote hizo ni za maabara, kitambaa kikiwa kikavu upande wa nje. Porini uso wa kitambaa ukilowa, mvuke unakosa njia na suruali ya bei mbaya inageuka mfuko wa plastiki. Kwa sababu hiyo viwanda huupaka uso dawa ya kufukuza maji, matone yateleze. Dawa iliyofanya kazi vizuri kwa miaka mingi ni ya jamii ya PFAS, kemikali ambazo haziozi kwa urahisi. California ilizipiga marufuku kwenye nguo mpya kuanzia Januari 2025, ikiziachia muda hadi 2028 nguo za kuvaliwa kwenye mvua kali. Basi mnunuzi asichanganye suruali inayofukuza maji na suruali isiyopitisha maji. Ya kwanza inavumilia umande na manyunyu. Ya pili ina utando na mishono iliyozibwa kwa utepe, na bei yake inajieleza.

Kwa mtu wa suruali moja, ningeiacha yenye utando dukani. Hata iliyo bora hupitisha mvuke kidogo kuliko kitambaa cha kawaida, na siku za mvua ya kutwa si nyingi kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Ningechukua nailoni iliyofumwa kwa kubana, yenye nyuzi za kuvutika, uzito wa kati, iliyopakwa dawa ya kufukuza maji, magoti yakiwa na kitambaa cha ziada. Chini yake, kukipoa, suruali nyepesi ya sufu ya merino. Kwenye begi, suruali ya mvua iliyo nyembamba kiasi cha kukunjwa ikaingia mfukoni. Kabla ya kulipa, sugua paja kwa paja dukani. Nailoni ngumu hukwaruza, na kulungu ana masikio. Poliesta iliyochanwa uso iko kimya zaidi ila hunasa miiba.

Asiyenyatia kabisa, anayekwenda kukaa mtini Novemba tu, hana haja ya haya yote. Suruali nzito ya sufu, ya aina ambayo kampuni kama Filson ya Seattle, iliyoanza mwaka 1897 kwa kuwavika wachimba dhahabu wa Klondike, imejijengea jina nayo, itamfaa hata ikilowa kidogo, na haina kelele. Rangi nayo isimsumbue sana: Colorado humtaka mwenye bunduki avae rangi ya chungwa au waridi inayong'aa yenye eneo la inchi za mraba 500, takriban sentimita za mraba 3,200, pamoja na kofia, lakini yote hayo ni juu ya kiuno.

Istilahi hii ina kazi hata nje ya misitu ya Marekani. Moshi, kwenye maduka yanayokodisha mavazi ya kupandia Kilimanjaro, mteja hukabidhiwa suruali za aina hizihizi, naye hupita kutoka msitu wenye joto la unyevu hadi kwenye baridi ya kileleni ndani ya siku chache. Msituni, hewa ya nje ikiwa tayari imejaa mvuke, hata utando bora hulegea kazini kwa kuwa tofauti ya ndani na nje imepungua. Linalosaidia hapo ni zipu ndefu za pajani, zinazofunguliwa kuanzia nyonga hadi karibu na goti. Hizo ndizo zinazopitisha hewa, kwa maana ileile ya fundi cherehani.