Kambi ya Mchangani: Desturi Iliyoutangulia Mji Wetu

Wazungu wakisema wanakwenda kambi, maana yake ni mapumziko: hema, ziwa, vilima vya mchanga, misonobari, na mlinzi wa serikali mlangoni. Sisi wa Kisangani misonobari hatuna. Mchanga tunao, na kambi tunazijua tangu zamani. Lakini kwetu kambi zina historia mbili, na tumezoea kusimuliwa moja tu.

Ya kwanza ni ile ya wakubwa. Desemba 1883 Stanley aliacha kituo katika kisiwa cha Wana Rusari, karibu na maporomoko. Mwaka 1886 kituo kikashambuliwa na watu wa Tippu Tip, wazungu wakakichoma wenyewe na kukimbia. Mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa gavana, naye akakaa hapa na Wangwana wake. Kiswahili chetu kimetoka kwao. Mwaka 1964 Simba waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, halafu baadhi yao wakaingia msituni na kupiga kambi ambako mwaka 1970 ilitangazwa Parki ya Taifa ya Maiko. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akisikia "kambi", mara nyingi anafikiri bunduki kwanza.

Historia ya pili ni ya wavuvi, na hiyo ni ya zamani zaidi. Maji yakipungua, mafungu ya mchanga yanatokea katikati ya mto, na Walokele wa upande wa Yangambi na Isangi wanahamia huko na mitumbwi, nyavu na vyungu. Hiyo ndiyo nganda. Kibanda ni miti michache na majani ya mtende. Kando yake uchanja, samaki wanakauka kwa moshi. Watu wa msituni, kama Waturumbu na Wambole, wanaleta mihogo na ndizi sokoni, wanabadilishana kwa samaki. Maji yakianza kupanda, kila kitu kinafungwa, mchanga unarudishiwa mto. Hakuna anayejenga nyumba ya matofali pale, maana kila mtu anajua mwenyewe ni nani.

Neno lenyewe limesafiri. Leo ukisema nganda mjini, watu wanafikiri bia na muziki, kumbe jina limetoka kwa kambi ya mvuvi, pale watu walipokutana, wakala, wakaongea usiku.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu ardhi yetu inazidi kupewa mipaka. Yangambi ni hifadhi ya UNESCO tangu 1976. Parki ya Taifa ya Lomami ilitangazwa 2016, kati ya Tshopo na Maniema. Kulinda msitu ni jambo jema, hatupingi. Lakini mipaka ikichorwa bila kuwauliza watu wa nganda, mvuvi ataitwa mvamizi mahali babu yake alipolala, na siku moja mgeni atalipa ili alale mchangani huohuo.

Basi tunaomba jambo dogo: walimu na vijana waende kwa wazee wa mto, waandike majina ya mafungu ya mchanga, nani alikaa wapi na kwa sheria gani. Siku ya kukaa mezani na wenye ramani, tuwe na ya kwetu mkononi.