Ameungua au Ameunguzwa? Maneno ya Wodi ya Moto

Mtoto amejimwagia uji. Mtoto amemwagikiwa na uji. Mtoto amemwagiwa uji. Ukisoma haraka utadhani ni jambo lilelile limesemwa mara tatu. Kwa daktari wa majeraha ya moto haya ni maelezo matatu, na la tatu linaweza kumfikisha mtu polisi. Katika la kwanza mtoto mwenyewe kavuta sufuria. Katika la pili sufuria imepinduka tu. Katika la tatu kuna mkono wa mtu. Tofauti yote hiyo imebebwa na silabi chache za mnyambuliko.

Daktari anayesomea fani hii hufundishwa kulinganisha maneno ya aliyemleta mgonjwa na alama zilizo mwilini. Uji au maji yakimwagika huruka na kutiririka, hivyo huacha mabaka yasiyo na mpangilio, tena jeraha hupungua ukali kadiri linavyoshuka, kwa sababu maji hupoa njiani. Mtoto aliyetumbukizwa miguu kwenye beseni kwa nguvu huwa na mstari ulionyooka juu ya vifundo, miguu yote miwili sawasawa, bila matone pembeni. Wataalamu huita alama hiyo soksi. Basi anayemleta akisema "amemwagikiwa" na miguu inaonyesha soksi, kuna maswali ya kuuliza, kwa upole na faraghani. Faili lililoandikwa kwa Kiingereza mara nyingi hufupisha yote kuwa "jeraha la maji ya moto". Kitenzi kimeshapotea, na ushahidi pamoja nacho.

Jina la mafunzo yenyewe, ufelo, nalo lina utata wake. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, humtunuku ufelo daktari aliyefuzu ubingwa: kwa kawaida miaka 2 ya ngazi ya uanachama, kisha 3 ya ngazi ya felo. Marekani, felo ni yule ambaye ubingwa ameshaumaliza na sasa anaongeza muda, mara nyingi mwaka mmoja, kwa ajili ya moto peke yake. Wakikutana mkutanoni wanaitwa jina moja nao wako ngazi mbili. Kiswahili cha Tanzania kimeepuka mkanganyiko huu kwa ngazi zinazoeleweka hata na mgonjwa: daktari, daktari bingwa, daktari bingwa bobezi.

Ubobezi ni neno zuri, ila linasifu kina cha mtu mmoja. Neno la Kiingereza, "fellow", lina asili nyingine kabisa: limetoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambao walimwita hivyo mtu aliyeweka mali yake pamoja na wenzake, yaani mshirika. Wodi ya moto inahitaji maana zote mbili. Aliyeungua asilimia 40 ya mwili hatapona kwa kisu peke yake. Anamhitaji mtaalamu wa usingizi, nesi anayejua kufunga kidonda bila kukichubua, mtaalamu wa lishe, wa mazoezi ya viungo, na ofisa ustawi wa jamii. Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuua watu zaidi ya 100, hakuna bobezi mmoja ambaye angewatosha majeruhi wale.

Tuje kwenye saa, maana hapo neno linaweza kuua. Hesabu ya maji ya dripu iliyotokana na kazi ya Charles Baxter katika Hospitali ya Parkland, Dallas, miaka ya 1960, inasema: mililita 4, mara uzito kwa kilo, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 ataanzia mililita 7,200 kwa siku ya kwanza, kisha kipimo kirekebishwe kwa kutazama mkojo wake. Nusu yake, 3,600, iishe ndani ya saa 8 za mwanzo, zinazohesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika hospitali. Ndugu wanasema, "Aliungua saa mbili." Ni saa mbili usiku, na saa 8 zake zitaisha saa kumi alfajiri. Daktari mgeni akisikia "mbili" ataandika mbili ya saa yake, ambayo kwetu ni saa nane mchana, na saa 8 zake zitaisha saa nne usiku. Ikiwa mgonjwa amefika saa tatu usiku, maji yaliyostahili kuingia kwa saa saba yataingizwa kwa saa moja. Kwa hiyo swali la kwanza baada ya "saa ngapi?" liwe "mchana au usiku?"

Digrii nazo zimezoeleka hata magazetini: moto wa digrii ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndugu akisikia "ya tatu" hudhani maumivu nayo yamepanda ngazi tatu. Kumbe moto uliokula unene wote wa ngozi umeua na mishipa ya fahamu, na mahali hapo pakiguswa mgonjwa huenda asisikie kitu. Anayelia kwa sauti huenda ndiye mwenye nafuu. Madaktari wenyewe siku hizi hupendelea kutaja kina cha jeraha, na kwa kina lugha yetu haina haja ya kuazima: ngozi imeiva tu, imetoa malengelenge, imebabuka, imeungua hadi nyama. Nesi wa zamu ya usiku akimpigia bingwa simu na kusema, "Daktari, kifua kimebabuka, lakini mkono ni mweupe, mgumu, na akiguswa hashtuki," ameshaeleza zaidi ya namba yoyote.

Yako maneno yetu yanayoficha mno. "Kusafisha kidonda" ni mojawapo. Nesi akiosha kwa maji ya chumvi na kubadilisha shashi, amesafisha. Bingwa akiingia chumba cha upasuaji na kukata ngozi iliyokufa tabaka kwa tabaka mpaka afikie inayotoa damu, njia iliyoenezwa na Zora Janzekovic wa Maribor, Slovenia, kwa andiko lake la 1970, naye amesafisha. Mama hutia sahihi akidhani mwanawe anakwenda kuoshwa, halafu anaambiwa damu inatafutwa. Kwa upasuaji huu tuseme "kukata nyama mfu". Linatisha kidogo, lakini anayeridhia anajua alichoridhia.

"Kupandikiza ngozi" nalo lina mtego. Watu wamelizoea kwa figo, na figo hutoka kwa mtu mwingine. Ndiyo maana bibi huuliza, "Hiyo ngozi atatoa nani?" Ukweli ni kwamba karibu daima anaitoa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi pajani, kwa kukwanguliwa tabaka jembamba linaloota tena. Ngozi ya mtu mwingine huweza kufunika kidonda kwa muda tu, kisha mwili huikataa. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hivyo huamka na vidonda viwili badala ya kimoja, akaona amedhulumiwa. "Kuhamisha ngozi" lingemaliza swali la bibi kabla halijaulizwa.

Lipo jambo jingine ambalo lugha inatusaidia bure. Kipimo cha haraka cha eneo lililoungua ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole: ni takriban asilimia moja ya mwili wake. Mzazi aliye kijijini anaweza kuulizwa kwa simu, "Ni viganja vyake vingapi?" Akajibu, na hospitali ikajiandaa. Swali lazima liseme "vyake", kwani kiganja cha baba juu ya mgongo wa mtoto kitaonyesha jeraha dogo kuliko lilivyo.

Mabingwa bobezi hupimwa kwa idadi ya upasuaji walioandika kwenye daftari la mafunzo. Vyuo vinavyowafundisha vishirikiane na mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, viketi pamoja na manesi wa wodi za moto, vitoe kijitabu cha istilahi za kazi hii, na mtahiniwa aulizwe kwa Kiswahili namna atakavyomweleza mzazi anachokwenda kumfanyia mtoto. Akishindwa swali hilo, asifaulu.