Ukinunua Pikapu Newala, Umeinunulia Ukoo Mzima

Swali linazunguka sana siku hizi kwenye makundi ya wapenda magari: hivi pikapu inaweza kuwa gari la kila siku? Uende nayo kazini, umpeleke mtoto shule, jioni uipaki mahali ukale nyama choma na washkaji? Wengi wanajibu kwa hesabu za mafuta, bei ya tairi na shida ya maegesho. Hesabu hizo ni sahihi, ila kuna watu huko kusini walishalijibu swali hili kitambo, na jibu lao lina mambo mengi kuliko lita kwa kilomita.

Kwa ambaye hajafika, Masasi ipo chini, imezungukwa na vilima vya mawe makubwa yanayochomoza peke yake kama yaliyosahaulika na mafundi. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, ukingoni kabisa. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo. Kati ya miji hii miwili hakuna hata kilomita 80. Ukiziangalia kwenye ramani ni safari ya kusikiliza albamu moja. Kwa miaka mingi, msimu wa mvua, ilikuwa safari ya kuaga nyumbani.

Uwanda wenyewe ni mchanga. Kiangazi mchanga unameza tairi, masika njia za kushuka na kupanda zinateleza. Na juu kule hakuna mito. Maji yalikuwa chini ya miteremko, na wanawake walishuka kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Katika miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa mashine. Kwa hiyo kabla gari halijafika, swali la usafiri Newala halikuwa "nitafikaje", lilikuwa "nitakibebaje".

Na waliobeba walikuwa watu. Mwaka 1876 kundi la watumwa walioachiwa huru, wakiongozwa na askofu wa misheni ya Kianglikana kutoka Zanzibar, lilitembea kutoka Lindi na kuanzisha makazi Masasi. Miaka 30 baadaye, 1906, mtafiti wa Kijerumani kutoka makumbusho ya Leipzig alipita njia hizo hizo hadi Newala na msururu wa wapagazi wakiwa na mizigo yake, pamoja na mashine ya kurekodia nyimbo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30 hivi. Sasa chukua pikapu ya tani moja, piga hesabu: pale nyuma wamekaa wapagazi zaidi ya 30. Ukiitazama hivyo unaanza kuelewa kwa nini watu wa kule hawakuwahi kuliona gari hili kama urembo.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta injini. Mwaka 1917 mapigano yalishuka hadi kusini, na kamanda wa Kijerumani akapita eneo hilo hilo kabla ya kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, wapagazi walikufa kwa maelfu kwa magonjwa na njaa. Katika kampeni ya Afrika Mashariki Waingereza walitumia pia Ford ndogo zilizofungwa sanduku la mbao nyuma. Kampuni hiyo ilianza kuuza pikapu iliyotoka kiwandani tayari mwaka 1925 huko Marekani, lakini wazo la kukata nyuma ya gari dogo na kuweka sanduku lilishafanya kazi Afrika kabla ya hapo. Hii haitajwi sana.

Halafu serikali ya kikoloni ikaja na ndoto kubwa. Mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, Nachingwea ikiwa kituo chake kusini. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikajengwa, tawi likafika hadi Masasi mwishoni mwa miaka ya 1950. Karanga ziligoma. Reli haikupata mzigo wa kutosha na ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Fikiria hilo: mji unapewa treni, unaizoea, halafu vyuma vinakunjwa na kuondoka. Baada ya hapo kusini kulibaki na barabara tu, na barabara zenyewe zilijulikana.

Zao lililoshika halikuwa karanga, ilikuwa korosho. Na korosho ina tabia yake. Haivunwi kwenye shamba moja kubwa kama mkonge. Iko kwenye vishamba vya watu, nyuma ya nyumba, kwenye njia ambazo lori la tani kumi halipiti. Zinaanguka zenyewe, zinaokotwa, zinaanikwa, zinatiwa kwenye magunia, na gunia linapaswa kutoka pale lilipo hadi ghala la chama cha msingi. Lori linaanzia ghalani. Kabla ya ghala ni kichwa, baiskeli, au gari dogo lenye nyuma wazi. Hapo ndipo pikapu ilipopata kazi yake ya maisha.

Kwanza zilitawala Landrova, ambazo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948: za serikali, za misheni, za mabwana shamba. Baadaye Mjapani akaingia. Hilux ya kwanza ilitoka 1968, na jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "anasa ya juu". Anasa yenyewe ilikuwa benchi moja mbele na bati nyuma. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kuipata ilikuwa msala: fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna, mafuta kwa foleni, na ikafika hatua serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Dar es Salaam kipindi hicho watu walipanda "chai maharage", magari ya mizigo yaliyowekwa mabenchi nyuma, abiria wakitazamana goti kwa goti. Wazee wa Dar wanaisimulia kama kichekesho cha zamani. Vijijini kusini, kukaa kwenye bodi ya gari juu ya magunia hakukuisha na miaka hiyo.

Kuanzia 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe, pikapu za watu binafsi zikaanza kuonekana. Na hapa ndipo historia inapoacha kuwa ya magari, inakuwa ya watu.

Mwenye pikapu kijijini hakuwa na gari. Alikuwa na ofisi ya umma isiyo na mshahara. Saa nane usiku mlango unagongwa: mke wa jirani ameshikwa na uchungu, zahanati imeshindwa, apelekwe hospitali. Huwezi kusema mafuta hakuna. Utaamka, wataweka godoro nyuma, mama mkwe na shoga wawili watamshika mgonjwa mikono, na wewe utaendesha taratibu kwa sababu kila shimo unalisikia kupitia kwa mtu mwingine. Wiki ijayo ni msiba: maiti itoke hospitali, jeneza linaingia nyuma vizuri kabisa, waombolezaji wanajazana pembeni. Mwisho wa mwezi ni harusi, vigoma vimepangwa kwenye bodi. Watoto wa jando wanarudi, wanataka kupita mtaani kwa shangwe, gari ni lile lile. Maji ya shughuli nayo yafuatwe, matangi juu.

Na jamii za huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa jadi zinahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana uzito, na mpwa ana haki. "Mjomba, gari lipo?" si swali, ni taarifa kwamba gari limeshapangiwa safari. Wapo waliojifunza kuchomoa waya wa betri kila jioni ili waseme kwa ukweli kabisa kwamba haliwaki. Ujanja wa aina hiyo ulikuwa na mwisho wake, maana siku gari likiwaka kwa safari yako mwenyewe, kijiji kizima kinasikia.

Kwa hiyo je, lilikuwa gari la kila siku? Ndiyo, kwa kila mtu isipokuwa mwenye nalo. Siku zake mwenyewe zilikuwa za mwisho kwenye foleni.

Upande wa pili wa sifa upo pia. Pikapu hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kangomba. Mnunuzi wa pembeni anapita mashambani mkulima akiwa hana hela ya ada ya shule, ananunua korosho kwa bei ya kutupa, anapakia usiku chini ya turubai, kisha anaziingiza sokoni kwa bei kamili. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia msimu wa 2007/08 ukitaka korosho zote zipite kwenye vyama na minada. Kangomba hakufa. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na hapo ndipo zikasambaa zile stori za watu kuoga bia na kuku kunyweshwa soda. Za kweli ni chache kuliko zinavyosimuliwa. Ila pikipiki na magari yalinunuliwa kweli kweli.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Novemba 2018 wanunuzi waliposhindwa kufika bei, Rais aliamua serikali inunue zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakateremka kusini kuzisomba. Uhakiki ukaanza: shamba lako liko wapi, mikorosho mingapi? Mwenye magunia mengi bila shamba akabaki ameyashika, na mwenye pikapu ya mkopo akabaki na marejesho. Wakulima halali nao walisubiri malipo kwa miezi. Pikapu inayotegemea zao moja hukaa mawe wakati zao linapokwama, na hiyo ni hesabu ambayo kijana anayekopa leo anatakiwa aiweke juu kabisa, kabla hata ya mafuta.

Sasa angalia kinachotokea. Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye Rufiji mwaka 2003, likibeba jina la Rais aliyezaliwa Lupaso, Masasi, na kusini kukaacha kufungwa na pantoni. Lami ya kwenda Dar ikakamilika. Mwaka 2023 ikasainiwa mikataba ya kujenga kilomita 160 za lami kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, pamoja na daraja la Mto Mwiti. Mkeka ukipita, Noah inafanya safari ambayo zamani ilitaka four-wheel. IST inapanda Newala bila kuombewa dua. Mizigo midogo wamechukua bodaboda na kirikuu, ile Suzuki ndogo inayoingia uchochoro wowote na kula mafuta kwa adabu.

Yaani barabara inapokuwa nzuri, sababu ya kumiliki pikapu inapungua. Na ni wakati huo huo pikapu imegeuka kuwa ndoto ya mjini: dabo kabini nyeusi, vioo tinted, bodi imefunikwa isiingie hata vumbi. Ukiiendesha tupu kwenye barabara ya mawimbi inaruka nyuma kama mbuzi, kwa sababu springi zake zilitengenezwa zikisubiri tani moja. Mafundi wa zamani walitupia mifuko miwili ya mchanga nyuma ili itulie. Kwa mtu wa ofisini asiye na shamba, IST ya kila siku na kirikuu la kukodi siku ya kuhama inatosha, tena chenji inabaki.

Lakini Newala ukiuliza nani anunue pikapu, watakuuliza kwanza mikorosho yako mingapi, na ndugu zako wangapi wanajua unapokaa. Oktoba ikifika, zile zilizolala chini ya miembe zinafutwa vumbi, betri zinarudishwa, na simu za wapwa zinaanza.