Majuto ya Gia Kumi

Mwaka 1973 Wamarekani walinunua baiskeli zaidi ya milioni 15, na kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1972 hadi 1974, baiskeli zilizouzwa nchini humo zilizidi magari mapya. Mwaka 1975 mauzo yakaanguka hadi karibu nusu. Kisa hiki kinaposimuliwa, lawama na sifa hupewa mafuta: nchi za Kiarabu zilifunga bomba Oktoba 1973, watu wakakimbilia pedali, bei ilipozoeleka wakarudi kwenye usukani wa gari. Tarehe zinakataa simulizi hiyo. Wimbi lilikuwa limeshapanda tangu 1971, likisukumwa na vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili na sasa wamefikia umri wa kujinunulia vitu, na pia na mwamko wa mazingira uliopata sauti katika Siku ya Dunia ya kwanza, Aprili 1970. Kuanguka nako kulikuwa na sababu zake za kiuchumi: hali ya fedha ilikuwa ngumu, na aliyenunua juzi hana haja ya kununua leo. Lakini biashara ya baiskeli haiishi kwa mnunuzi wa mara ya kwanza tu. Inaishi kwa anayeendesha kila wiki, anayechakaza tairi, anayerudi kwa fundi, anayemshawishi jirani. Mtu huyo alipatikana kwa uchache mno kuliko idadi ya baiskeli zilizotoka dukani, na sababu kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kile alichouziwa.

Alichouziwa kilikuwa baiskeli ya gia kumi. Sproketi mbili mbele na tano nyuma, cheni ikihamishwa kwa vyuma vinavyovutwa na waya, tairi nyembamba, siti nyembamba, na usukani uliopinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Umbo lote hilo lilitoka kwenye mashindano ya barabarani ya Ulaya, ambako kijana mwenye misuli huinama kukwepa upepo kwa saa tano au sita. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilikuwa imelileta umbo hilo kwa watu wa kawaida mapema, mwaka 1960, kupitia modeli yake ya Varsity, na wimbi lilipofika Varsity ikawa miongoni mwa baiskeli za watu wazima zilizouzwa zaidi Marekani. Ilikuwa imara ajabu. Fremu yake ya chuma ilistahimili miaka ya kutelekezwa kwenye mvua, na mpaka leo zipo zinazotembea. Lakini ilikuwa na uzito wa kilo 17 hadi 18, karibu mara mbili ya baiskeli ya mashindano ya wakati ule. Mnunuzi alipewa mkao wa mkimbiaji bila wepesi wa mkimbiaji: alibeba usumbufu wote wa umbo lile, na faida iliyoufanya usumbufu huo uvumilike kwa washindani wenyewe hakuipata.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika kifaa kimoja kidogo. Usukani uliopinda una breki zake mbele ya pindo, ambako vidole huzifikia mtu akiwa ameinama au ameshika vichwa vya breki. Wanunuzi wengi hawakuinama. Migongo yao ilikataa, shingo zikauma, nao wakashika sehemu ya juu iliyonyooka, mahali ambapo breki haifikiki kwa haraka. Viwanda vikaongeza mkono wa pili wa breki, uliofungwa pembeni mwa ule wa kwanza na kupita sambamba na sehemu hiyo ya juu, vikauita mkono wa usalama. Waendeshaji wazoefu waliupa jina la kifo, na walikuwa na hoja. Mkono huo uligonga usukani kabla breki haijabana sawasawa, ulinyumbuka ukivutwa kwa nguvu, na namna ulivyofungwa ilimnyima mtu nafasi ya kupumzisha viganja juu ya vichwa vya breki, mkao ambao ndio uliokuwa wa starehe kuliko yote katika usukani wa aina ile. Baiskeli nyingi za bei nafuu zilikuwa na ringi za chuma zilizopakwa kromu, ambazo zikilowa mpira wa breki huteleza juu yake. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na wasiwasi na breki zake akanunua, au akaletewa tayari imefungwa, breki dhaifu zaidi juu ya ringi mbaya zaidi. Mikono ya kubadilisha gia nayo ikahamishwa kutoka kwenye bomba la fremu hadi kwenye shingo ya usukani, kwa kuwa kuinama kuitafuta kule chini kulitisha. Kila kiraka kati ya hivi kilikuwa ungamo la kiwanda kwamba mnunuzi hakulifaa umbo lile, wala umbo halikumfaa yeye. Usukani ulionyooka ungemaliza shida nyingi kati ya hizo kwa siku moja, na ungegharimu pesa kidogo kuliko viraka vyenyewe.

Waliotoa fedha nyingi zaidi hawakunusurika. Baiskeli za Kifaransa zilimiminika katika maduka ya Marekani, na ile ya hadhi ya juu ya Peugeot, PX-10, ilikuja na tairi za kushonwa: mpira wa ndani umefungwa ndani ya tairi kwa uzi, na tairi nzima imegandishwa kwenye ringi kwa gundi. Kwa mshindani mwenye gari la timu nyuma yake, ni tairi nyepesi na laini ajabu. Kwa mwalimu anayekwenda kazini, pancha moja ilimaanisha kufumua mshono, kuziba, kushona upya na kugandisha tena. Vihamisha cheni vya Simplex vilitengenezwa kwa plastiki iliyokuwa ya kisasa wakati ule, ambayo ilipasuka kadiri ilivyozeeka. Jambo lililouma kwa muda mrefu zaidi halikuonekana dukani kabisa: baiskeli za Kifaransa zilitumia vipimo vyao vya nyuzi za skrubu, pedali zikiwa na kipenyo cha milimita 14, tofauti na kipimo cha Kiingereza kilichotumika karibu kila mahali pengine. Siku pedali ilipokufa, fundi wa mtaani hakuwa na ya kubadilisha. Mtu alijuta miaka kadhaa baada ya kununua, kwa sababu ambayo hakuna muuzaji aliyeitaja wala mnunuzi aliyejua kuuliza.

Hapa atatokea msomaji wa kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Hakuna aliyelazimishwa, atasema. Katika maduka yaleyale kulikuwa na baiskeli ya Kiingereza ya Raleigh Sports, yenye usukani wa kukaa wima, madigadi, na gia tatu za Sturmey-Archer zilizofichwa ndani ya habu ambako matope hayafiki. Watu waliiona wakaiacha. Ni kweli, waliiacha, na ukweli huo unaipunguzia tasnia kosa. Lakini mtu huchagua kwa kipimo alichofundishwa, na kipimo kilichotawala matangazo na mazungumzo ya miaka ile kilikuwa idadi ya gia. Kumi ni nyingi kuliko tatu. Hakuna aliyemweleza mnunuzi kwamba kati ya gia zile kumi baadhi hukaribiana kiasi cha kutotofautiana, kwamba nyingine hupinda cheni vibaya zikitumika, na kwamba mtu anayesimama kila taa za barabarani huhitaji kubadilisha gia akiwa amesimama, jambo ambalo habu ya Sturmey-Archer inaliweza na kihamisha cheni hakiliwezi.

Pingamizi la pili hurudiwa mara nyingi na watu wanaoipenda baiskeli: mashindano ndiyo shule ya ufundi, na bila mashindano tusingekuwa na gia hizo hata kidogo. Historia ya gia inasema kinyume chake. Aliyezipigania Ufaransa alikuwa Paul de Vivie, mwenye gazeti la waendesha baiskeli huko Saint-Étienne aliyejulikana kwa jina la Vélocio, na watu wake walikuwa wasafiri: watu wa kupanda milima na mizigo, wazee kwa vijana, waliotaka kufika bila kuua magoti. Walioipinga gia walikuwa watu wa mashindano. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliona gia za kubadilishwa ni za kuwasaidia wazee na wanyonge, na vihamisha cheni havikuruhusiwa kikamilifu katika mbio zile mpaka 1937, miongo kadhaa baada ya wasafiri kuvizoea. Kwa hiyo kifaa kilichouzwa Marekani mwaka 1972 kama alama ya mwanariadha kilikuwa kimelelewa na msafiri, na mwanariadha alikuwa wa mwisho kukipokea. Kilichotoka kweli kwenye mashindano ni ule mkao, na mkao ndio uliowashinda watu.

Haki inadai kutaja waliofurahi. Kiangazi cha 1976, katika sherehe za miaka 200 ya taifa lao, watu wapatao 4,000 walishiriki safari ya Bikecentennial, baadhi yao wakivuka bara lote kati ya Oregon na Virginia. Baiskeli za gia kumi ndizo zilizowavusha wengi wao, na kwa siku nzima barabarani usukani uliopinda huipa mikono mahali pengi pa kushika. Vifaa vile vilikuwa na mwenyewe. Shida ni kwamba baiskeli ziliuzwa kwa mamilioni, na wenyewe walihesabika kwa maelfu.

Kuna jambo la kuudhi zaidi ya tamaa ya kuazima, ya kutaka kifaa kwa kuwa mshindani anacho, nalo ni majuto ya kuazima: kukiacha kwa kuwa mshindani hakitaki. Mwaka 1983 Shimano ya Japani ilitoa sproketi ya mbele isiyo duara kamili, iliyoitwa Biopace. Safari hii waligeuka kweli kumtazama mtu wa kawaida, anayezungusha pedali polepole. Umbo lilipangwa kinyume na sproketi za mviringo uliorefushwa zilizotangulia, ili mguu upate wepesi pale unaposukuma kwa nguvu na goti lisibebe mzigo mkubwa. Kwa miaka michache Biopace ilifungwa kiwandani kwenye baiskeli nyingi sana za milimani na za safari. Kisha likaja gumzo kwamba inaharibu mzunguko wa mguu, kwamba inaumiza magoti, kwamba hakuna mshindani wa maana anayeitumia. Hoja ya mzunguko ilikuwa na msingi kwa anayezungusha haraka sana. Kwa anayepanda kilima taratibu na mzigo nyuma haikuwa na msingi huo, na mafundi wenye heshima waliandika hivyo. Hata hivyo watu waliokuwa wakiendesha bila maumivu yoyote walikwenda dukani kununua sproketi za duara, na miaka ya mwanzo ya 1990 Biopace ikafa. Mwaka 2012 Bradley Wiggins alishinda Tour de France akitumia sproketi isiyo duara ya muundo mwingine, na ghafla vyuma vya umbo hilo vikatafutwa tena. Mpangilio wake ni tofauti na wa Biopace, hilo lazima lisemwe. Lakini wanunuzi wengi waliorudi hawakurudi kwa kulinganisha pembe za krenki. Walirudi kwa kuwa bingwa amepita hapo.

Majuto ya haki yapo, nayo hutambulika kwa alama yake: yanatoka kwenye barabara ya mwenye baiskeli. Shimano ileile ilikuwa imetoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pedali za Dyna Drive, zilizohitaji krenki yenye tundu la inchi nzima, kisha ikaziacha. Waliozinunua walibaki na krenki zisizopokea pedali ya kawaida bila kiunganishi cha pekee, hadithi ya nyuzi za Kifaransa ikijirudia ndani ya miaka kumi. Kati ya 1986 na mwisho wa muongo huo, baiskeli nyingi za milimani ziliwekewa breki ya nyuma chini ya fremu, karibu na krenki, mahali panapokusanya tope lote la njia. Mpira wake ulipochakaa ulipanda na kukata ubavu wa tairi. Vishikio vyake vilikuwa vimechomelewa kwenye fremu, kwa hiyo aliyejuta hakuwa na pa kuihamishia.

Chicago, mji uliotoa Varsity, ulitoa jibu la namna nyingine baadaye. Kampuni ya vifaa vya baiskeli ya SRAM ilianzishwa huko mwaka 1987, na mmoja wa waanzilishi wake, F. K. Day, alianzisha shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Kazi yao ilipohamia Zambia, kwa wahudumu wa wagonjwa vijijini, waliona baiskeli zilizokuwa sokoni zikivunjika chini ya mizigo ambayo watu hubeba kweli. Wakaunda baiskeli waliyoiita Buffalo, ambayo huunganishwa pia Kisumu. Ina uzito unaozidi kilo 20, nzito kuliko hata Varsity. Lakini kilo hizo zimo kwenye keria inayobeba kilo 100, kwenye spoki nene na kwenye fremu isiyopinda. Breki ya nyuma ya modeli yake ya gia moja hufungwa kwa kukanyaga pedali kinyume, haina waya wa kukatika, na mvua haiifikii. Kwa miaka mingi ilikuwa na gia moja. Ilipoongezewa ya pili hivi karibuni, kwa ajili ya wanaopanda vilima na mizigo, hawakufunga kihamisha cheni: waliweka cheni mbili, na mwendeshaji hubadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, bila mkono wala waya wowote.